Je, wajua kwa nini erhu husikika kama sauti ya mtu?

Ukiisikia erhu bila kuiona, unaweza kuapa kwamba ni mtu anaimba huku kilio kimemkaba kooni. Kumbe ni ala ya Wachina yenye nyuzi mbili tu, ya ukoo mmoja na zeze: mti mrefu uliopenya kisanduku kidogo cha mbao, ukapakatwa juu ya paja la kushoto na kupigwa kwa upinde.

Sababu kubwa ni kitu ambacho erhu haina. Kwenye fidla au gitaa, kidole hubana uzi mpaka uguse ubao. Erhu haina ubao huo. Nyuzi zimepita hewani, mbali na mti, na kidole huugusa uzi tu. Mpigaji akizidisha nguvu kidogo, sauti inapanda. Akitelezesha kidole, sauti inasafiri kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika. Koo la mwimbaji hufanya vivyo hivyo. Isitoshe, Kichina ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, kwa hiyo miteremko ya erhu inakaribia sana mazungumzo.

Kisha kuna ngozi. Kisanduku kimewambwa ngozi ya chatu, na kidaraja kinachobeba nyuzi kimekaa juu yake. Mtetemo unaingia moja kwa moja kwenye ngozi na kutoka na ule mguno wa puani. Wajaluo nao, kwa jadi, huiwamba orutu, zeze lao la uzi mmoja, kwa ngozi ya kenge.

Upinde nao una mambo yake. Singa za farasi zimepita katikati ya nyuzi mbili, kwa hiyo huwezi kuutenga na ala. Mpigaji huushika kiganja kikiangalia juu, na kwa vidole vyake huzisukuma singa upande wa ndani apate uzi mzito, au huziegemeza nje apate ule mwembamba.

Kwa muda mrefu erhu ilikuwa ala ya kusindikizia michezo ya jukwaani na ya waombaji wa barabarani. Mtunzi wa muziki Liu Tianhua, aliyefariki mwaka 1932, aliitungia vipande 10 vya kupigwa peke yake na kuifundisha vyuoni. Lakini kwangu mimi anayeionyesha vizuri zaidi ni Abing, kipofu aliyepiga mitaani mjini Wuxi. Mwaka 1950 watafiti walimrekodi vipande sita, vitatu vya erhu na vitatu vya pipa, ala ya Kichina ya nyuzi nne inayopigwa kwa vidole. Kimojawapo, Erquan Yingyue, sasa kinajulikana kote China. Abing alifariki mwaka huohuo.

Siku hizi biashara ya chatu inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo anayevuka mpaka na erhu yake anaweza kudaiwa cheti cha ngozi, na baadhi ya mafundi wanajaribu ngozi za kutengenezwa.