Mipango ya kilimo ya serikali sio siri, ila tunaisoma nusunusu

Kuna vitu tunaambiana vijiweni kuhusu mipango ya kilimo hapa Tanzania mpaka vinakuwa kama sheria, ngoja nivitaje vichache.

"Bajeti ya kilimo ni mambo ya wabunge." Wapi! Waziri anasoma hotuba Dodoma kwa Kiswahili, laivu kabisa, halafu kitabu kizima kinawekwa kwenye tovuti ya Wizara ya Kilimo, unakishusha bure, labda bando lako tu. Humo ndo utakuta ile bajeti iliyoruka kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata.

"Skimu yetu ya umwagiliaji imeandikwa, basi maji yanakuja." Hapa tunapigwa wengi na mimi ni wa kwanza. Kuna mwaka niliona jina la bonde letu humo nikampigia mzee kijijini, baba tumepata mfereji, naye akatangaza mpaka kilabuni, watu wakaanza kugombania mipaka ya majaruba, kumbe pembeni ya jina imeandikwa upembuzi yakinifu. Yaani wataalamu wanakuja kuangalia maji yapo kiasi gani na itagharimu shingapi, basi. Baada ya hapo usanifu wa kina, yaani michoro yenyewe ya mfereji, ndo baadaye atafutwe mkandarasi, miaka inakatika hapo. Na hata ikiandikwa ujenzi, hela iliyopitishwa na hela iliyotoka hazilingani mara nyingi, kwa hiyo chukua hotuba ya mwaka unaofuata, soma kule mwanzoni kwenye utekelezaji uone kimetoka kiasi gani.

"Bila kujuana ofisini hupati karatasi." Kwa mazoea yetu sikatai, ila Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, raia unaandika ombi na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Za usalama wa taifa haupewi, sawa, lakini mfereji wa kata nao ni siri ya jeshi? Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukienda kuulizia kwa mdomo tu utaambiwa njoo kesho hadi uchoke.

"Nyaraka zote ni za Kiingereza." Hii kidogo ina ukweli, ASDP II, ile programu kubwa ya serikali ya kuendeleza kilimo, awamu ya pili, iliyozinduliwa 2018, Kiingereza chake kinachosha hata wasomi.

"Mkutano wa kijiji ni wa viongozi." Hapana, mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo ndo unauliza mapato na matumizi bila kumwandikia mtu barua.

Juzi mzee kanipigia mwenyewe, bonde letu limetajwa tena, safari hii usanifu wa kina. Nikamuuliza kilabuni wamesemaje, akacheka, hajamwambia mtu.