Risiva ya Sinema ya Nyumbani kwa Spika Zilizo Ngumu Kuendeshwa

Wengi wanaoniomba ushauri huwa wameshanunua spika, na swali lao ni moja: nahitaji risiva (mashine inayopokea sauti na picha za filamu na kuikuza sauti kwa ajili ya spika) ya wati ngapi? Kwa spika nyingi swali hilo halina uzito, kwa kuwa karibu risiva yoyote ya daraja la kati huzitosheleza. Lakini zipo spika ngumu, na kwa hizo wati zilizochapishwa kwenye boksi hunyamazia jambo kubwa zaidi, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho risiva inaweza kutoa pale ukinzani wa spika, yaani kiasi inachozuia umeme, unaopimwa kwa omu, unaposhuka.

Ukinzani ulioandikwa nyuma ya spika ni makadirio. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kupanda hadi omu 30 kwenye besi ya chini, kisha ikashuka hadi omu 4 au pungufu kati ya Hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 na 200, ambako filamu na muziki hubeba nguvu nyingi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka ukinzani usishuke chini ya asilimia 80 ya thamani iliyotangazwa, kwa maana ya omu 6.4 kwa spika ya omu 8 na omu 3.2 kwa spika ya omu 4, ingawa wapo watengenezaji wasiokizingatia. Juu ya hapo kuna suala la awamu: katika baadhi ya masafa, volteji na mkondo havifikii kilele kwa wakati mmoja, na tofauti hiyo huzipasha moto zaidi transista za amplifaya (sehemu ya kukuza sauti) kuliko kipingamizi cha kawaida cha majaribio ya maabara chenye omu zilezile. Ndiyo maana mimi hutafuta mchoro wa ukinzani na awamu wa spika husika kabla ya kufungua ukurasa wowote wa risiva.

Ugumu wenyewe haufanani. Spika za Apogee Scintilla za miaka ya 1980 zilikuwa na ukinzani wa karibu omu 1, na zilipata sifa ya kuzishinda amplifaya nyingi. Spika za umemetuli, zinazotoa sauti kwa utando mwembamba unaovutwa na chaji za umeme, hushuka sana kwenye sauti nyembamba, wakati mwingine chini ya omu 1 ifikapo Hezi 20,000, lakini kwa kuwa sauti nyembamba hubeba nguvu kidogo, hofu yangu huwa ni amplifaya kuyumba na kutetema yenyewe kuliko joto. Spika bapa za Magnepan, kwa upande mwingine, hukaa karibu na omu 4 bila kupandapanda. Zinadai nguvu nyingi, lakini hazina hila.

Usikivu wa spika, yaani sauti inayotoa kwa umeme fulani, nao una mtego wake. Mara nyingi hupimwa kwa volti 2.83, umbali wa mita 1. Volti hizo kwenye omu 8 ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 inayotangazwa kuwa na desibeli 87 kwa kipimo hicho, kwa kila wati inatoa desibeli 84 tu. Tufanye hesabu kwa spika hiyo. Msikilizaji akikaa mita 3 mbali, atapoteza takriban desibeli 9.5 mahali pa wazi. Chumba hurudisha kiasi, basi tuseme anabaki na desibeli 77 kwa kila wati. Kiwango rejea cha sinema kinaruhusu vilele vya desibeli 105 kwa kila chaneli kuu (njia ya sauti ya spika moja), nyongeza ya desibeli 28, ambayo ni zaidi ya wati 600. Sijawahi kuona risiva yenye uwezo huo. Hata hivyo, ukipunguza sauti kwa desibeli 15, kiwango ambacho familia nyingi hukiona kikubwa, hitaji linashuka hadi wati 20. Kwa hiyo kabla ya kujadili mashine, mtu ajiulize kwa uaminifu anasikiliza kwa sauti kubwa kiasi gani.

Sasa karatasi ya vipimo. Risiva moja inaweza kutangazwa kuwa na wati 100 kwenye omu 8, chaneli mbili zikifanya kazi, kuanzia Hezi 20 hadi 20,000. Risiva hiyohiyo ikatangazwa kwingine kuwa na wati 180 kwenye omu 6, chaneli moja, Hezi 1,000, na upotoshaji wa asilimia 10. Namba ya kwanza tu ndiyo ya kufanyia uamuzi. Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28 na ampea 3.5, kwenye omu 4 volti hizohizo zinadai ampea 7 na wati 200. Risiva chache huweza hivyo, kwa sababu transfoma moja inazilisha chaneli 7, 9 au 11. Kipimo ninachokitaka ni cha maabara huru: chaneli mbili, omu 4, wati ngapi kabla ya mawimbi kukatwa vichwa, yaani kabla amplifaya haijafika kikomo na kuharibu sauti. Sizipi uzito mkubwa lawama kwamba wati hupungua chaneli zote zikiendeshwa pamoja, kwa kuwa ni nadra filamu kudai kilele kwenye chaneli zote kwa mpigo. Uzito wa mashine ni dalili nzuri ya ukubwa wa transfoma, isipokuwa kwa amplifaya za daraja D, zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi, ambazo hutoa nguvu nyingi zikiwa nyepesi.

Pamoja na hayo, kama spika za mbele ni ngumu kweli, ninashauri risiva ya bei ya wastani yenye matundu ya nyuma ya kutolea mawimbi yasiyokuzwa, pamoja na amplifaya ya nje ya chaneli tatu. Risiva hupitwa na wakati kila mfumo wa video unapobadilika, ilhali amplifaya nzuri hudumu miongo. Hakikisha tu kwamba mashine hizo mbili zinaelewana: amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 29 huhitaji takriban volti 1 ili itoe wati 100 kwenye omu 8, nazo risiva nyingi hufika hapo bila shida, lakini amplifaya yenye ukuzaji mdogo inaweza kudai zaidi ya uwezo wao.

Sabufa (spika ya besi) yenye amplifaya yake hupunguza mzigo, ukiweka krosova, yaani mpaka wa kugawa besi na sauti nyingine, kwenye Hezi 80, lakini haitaisaidia risiva ikiwa bonde la ukinzani liko Hezi 120. Urekebishaji wa sauti ya chumba, ambao risiva hufanya kwa kuongeza au kupunguza baadhi ya masafa, nao una gharama: kila nyongeza ya desibeli 6 mahali fulani ni mara nne ya nguvu katika masafa hayo. Mimi huuzuia usinyanyue mashimo ya besi, yaani masafa ambayo chumba huyapunguza.

Imebaki swichi ya ukinzani, au kipengele chake kwenye menyu. Kwenye risiva nyingi, kuchagua omu 4 hupunguza volteji ya ndani ili mashine isipate joto kupita kiasi, na hivyo huondoa nguvu ambayo spika ngumu inaihitaji. Mimi huiacha kwenye omu 8, mradi ukinzani wa spika hauko chini ya kile ambacho mtengenezaji ameruhusu kwa nafasi hiyo, na mradi kuna hewa ya kutosha juu ya risiva. Ikijizima katikati ya filamu, kagua kwanza nyaya kama hazijagusana. Kama ziko salama, zihamishie spika za mbele kwenye amplifaya ya nje kabla hujafikiria kununua risiva nyingine.