Je, wajua kwanini bendi ya Bauhaus wakipanda steji wanaelewana, wakishuka tu wanaachana?

Tarehe 30 Aprili 2005, tamasha la Coachella kule Indio, California, taa zinazimwa, dramu zinaanza kugonga taratibu, besi inashuka noti tatu, inashuka tena, watu wanapiga mayowe maana wimbo wanaujua, ila muimbaji haonekani. Kumbe yuko juu. Wamemning'iniza miguu juu kichwa chini, kavaa nyeusi, popo kabisa, na hapo hapo ndo anaanza kuimba. We ungedhani wangemshusha baada ya ubeti mmoja, watu wacheke, mambo yaendelee. Wapi, alimaliza wimbo wote akiwa vile vile, na ni wimbo wao "Bela Lugosi's Dead", ambao kwenye sahani yake ya kwanza unapita dakika 9.

Jamaa anaitwa Peter Murphy na bendi ni Bauhaus, ya Northampton, Uingereza. Hawa ndo wengi wanawataja kama waliofungua njia ya roki ya gothi, ule mziki wa nguo nyeusi, wanja na mambo ya makaburini. Lakini kinachowaumiza kichwa mashabiki wao sio popo, ni hii historia: walivunjika 1983, wakarudi 1998, wakapotea, wakarudi 2005, wakatoa albamu 2008 na siku hizo hizo wakawa wameshaachana, wakarudi 2019, na 2022 ziara ikafutwa. Na tangu rekodi ya kwanza ni watu wale wale wanne, Murphy, Daniel Ash wa gitaa, David J wa besi na mdogo wake Kevin Haskins wa dramu. Yaani hawa hawajawahi kupeana talaka tatu, wanapeana moja moja alafu wanarudiana, ila eda yao inaweza kwenda miaka 15.

Sasa kwanini? Watu wanaoweza kusimama pamoja baada ya muda wote huo na shoo ikawa moto, wanashindwa nini kukaa pamoja hata miaka miwili mitatu? Mi jibu langu ni kwamba hii bendi ilitengenezwa kwa ajili ya steji tangu siku ya kwanza, na utamu wa shoo yao na ugomvi wao vinatoka sehemu moja.

Anzia 1978. Ash anataka muimbaji, anamfuata Murphy, rafiki yake wa shule, ambaye wakati huo anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na hana uzoefu wowote wa kuimba kwenye bendi wala kuandika nyimbo. Kamchagua kwa kigezo gani? Muonekano! Mrefu, kakonda, mashavu yameingia ndani, sura yenyewe ilishakuwa shoo tayari kabla hajafungua mdomo. Wakapiga mara ya kwanza mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1978, kwenye baa inaitwa Cromwell mji wa Wellingborough, na 26 Januari 1979, hata mwezi haujaisha, wakaingia studio ndogo kwenye mji huo huo wakarekodi "Bela Lugosi's Dead" kwa kupiga mara moja tu, wote wanne kwa pamoja. Bela Lugosi ni yule muigizaji mzaliwa wa Hungary aliyecheza Dracula kwenye filamu ya 1931, akafariki 1956 akazikwa na joho la Dracula, kwahiyo unaona wenyewe mada ilivyokaa.

Ukiusikiliza huo wimbo kwa makini, hasa kama umekulia kwenye reggae, utashtuka kidogo. Hii kitu ni dub bana, ile reggae ya besi nzito na eko nyingi! Ash hapigi solo za kujionyesha, anakwaruza gitaa kupitia mashine ya eko, sauti inaenda inarudi inaenda inapotea, ile ile mbinu ya mafundi mitambo wa Jamaica. Kevin anapiga mdundo unaokaribia bossa nova ya Brazil, David J anashusha noti zake tatu bila haraka, na katikati ya vyote hivyo kuna nafasi tupu kubwa. Muimbaji mwenyewe anachelewa kuingia mpaka mtu mgeni anaweza kudhani wimbo hauna maneno.

Hiyo nafasi tupu ndo inaeleza shoo zao. Bendi nyingi za roki zinajaza ukumbi kelele mpaka muimbaji anabaki kushindana na gitaa, lakini hapa besi inatembea peke yake kwa muda mrefu na mtu mmoja akinyoosha tu mkono polepole ukumbi mzima unamwangalia, hana haja ya kuruka ruka. Ongeza na taa. Enzi zile walipenda taa nyeupe tupu, hakuna mambo ya rangi rangi, nyingine zinapigwa kutoka chini, na zile za kuwaka na kuzima haraka haraka. Kuna sababu kwanini zinafanya kazi: macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, jua likiwemo, kwahiyo ukimulika uso kutokea chini vivuli vinakaa kinyume na sura unayoijua inakuwa ngeni ghafla, ndo maana hata watoto wakitaka kutishana gizani wanaweka tochi chini ya kidevu. Na taa ya kuwaka na kuzima inakukatia mwendo vipande vipande, unamuona mtu yuko hapa, giza, yuko kule, katikati alipitaje hukuona. Kwa mtu mwembamba aliyepaka uso mweupe, hapo kazi imeisha.

Tukirudi kwenye la popo, swali la wengi ni anawezaje kuimba kichwa chini. Ukigeuzwa hivyo, ini na utumbo vinalalia ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kwahiyo kila ukivuta hewa unakuwa kama unavisukuma juu, na damu nayo inajaa kichwani, uso unavimba. Wimbo wa mistari mirefu ya mfululizo ungemshinda mtu dakika za mwanzo tu. Ila huu wimbo, kama nilivyosema, una utangulizi mrefu, mistari mifupi, sauti nzito ya chini, na mapengo ya kutosha kuvuta pumzi kati ya mstari na mstari. Ni kama vile uliandikwa kwa ajili ya popo. Bado lakini, dakika zote zile, na alikuwa anakaribia miaka 48, asikwambie mtu kwamba ni jambo dogo.

Sasa angalia upande wa pili. Taa ikimpiga mmoja namna hiyo, wenzake watatu wako gizani, na ndo wao waliotengeneza hiyo nafasi anayochezea. 1983 ilitoka filamu ya The Hunger, ya mambo ya wanyonya damu, David Bowie yumo, na inaanza na Bauhaus wakipiga huo huo wimbo ndani ya klabu ya Heaven, London. Nafasi ya dhahabu. Ukiitazama unamuona Murphy nyuma ya wavu, Murphy kwa karibu, Murphy tena, wale wengine wanapita kama vivuli. Kipindi hicho hicho Murphy akawa pia sura ya tangazo la kanda za Maxell huko Uingereza, amekaa kwenye kiti anapigwa na upepo wa spika. We kama ndo mpiga gitaa unajisikiaje?

Alafu Murphy akaugua nimonia wakati albamu ya nne inarekodiwa. Wenzake hawakumsubiri, wakaendelea, Ash na David J wakaimba wenyewe baadhi ya nyimbo, na kumbe inawezekana. Mi naona hapo ndo ilipokatika, maana kila upande ulishajua unaweza kuishi bila mwingine. Tarehe 5 Julai 1983 wakapiga Hammersmith Palais, London, mashabiki walidokezwa tu kwamba hii shoo wasiikose, hawakuambiwa ni ya mwisho, na mwishoni David J akatoka steji akisema pumzikeni kwa amani. Albamu ikatoka kama wiki moja baadaye, bendi haipo.

1985 walipanga kurudiana, Murphy hakutokea mazoezini, wale watatu wakasema basi tupige wenyewe, wakajiita Love and Rockets na 1989 wakafika namba 3 kwenye chati kuu ya Marekani, sehemu ambayo Bauhaus hawakuwahi hata kuisogelea. Murphy naye akawa na hit yake kubwa Marekani 1990, akahamia Uturuki, akasilimu, akawa na maisha yake. Kwahiyo hawa sio watu waliorudiana kwa kukosa pa kwenda, kila mtu alikuwa na lake.

Ziara ya 1998 ilijaza kumbi na ikazaa albamu ya live, ila kwa upande wa nyimbo mpya ni kama hamna. 2005 ikaja Coachella, ziara, kisha 2006 wakazunguka na Nine Inch Nails, bendi ya roki ya Marekani, wao wakiwa bendi ya kuwatangulia. Shida ikaanza walipoamua sasa turekodi. Walijifungia Ojai, California, wakamaliza Go Away White ndani ya siku 18, nyimbo nyingi zikipigwa mara moja kama enzi zile za Wellingborough, na ilipotoka 2008 ikaja na taarifa kwamba ndo mwisho, hakuna ziara. Kevin alikuja kusema kuna tukio lilitokea kati yao, akaishia hapo. Ni albamu nzuri tu, mi naisikiliza, ila unasikia kabisa watu wanne wanaoheshimiana mikono na sio midomo.

Baada ya hapo wakagawana bendi nusu kwa nusu, na hii sehemu inanichekeshaga. 2017 Ash na Kevin wakaanzisha Poptone, binti wa Kevin akipiga besi. 2018 Murphy na David J wakaenda kuzunguka dunia na nyimbo za Bauhaus kusherehekea miaka 40. Agosti 2019 Murphy akapata shambulio la moyo akiwa New York, akapona, na Novemba 3 na 4 mwaka huo huo wote wanne wakawa kwenye ukumbi wa Hollywood Palladium pamoja.

2022 wakatoa wimbo mpya, na hebu sikia ulivyotengenezwa: kila mmoja alirekodi kipande chake peke yake bila kusikia wenzake wamepiga nini, vikaunganishwa mwishoni, mchezo ambao wasanii wa Ufaransa walikuwa wanaucheza na karatasi miaka ya 1920. Wenyewe wanauita sanaa na ni kweli, ila pia ndo njia pekee ya kurekodi na mtu bila kugombana nae. Mwezi Mei wakapiga tamasha la Cruel World kule Pasadena, na mwisho wa Agosti ziara ya Amerika Kaskazini ikafutwa, ikasemwa Murphy anaingia kituo cha matibabu kushughulikia afya yake. Mei 2023 tamasha lile lile, wale watatu wakapanda tena kama Love and Rockets. Murphy akatoa albamu yake 2025.

Watarudi? Mi naona wakirudi itakuwa shoo mbili tatu kwenye ukumbi mmoja, kama Palladium, sio ziara ndefu ya kukaa basi moja. Na ukisikia wametangaza wanaingia studio kurekodi albamu nzima, wahi tiketi ya shoo yoyote iliyo kabla yake.