Kwa nini Wamongoli hawakuichoma Shiraz?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu moja la swali hili, na nililitoa bila kusita: milima. Shiraz, mji mkuu wa jimbo la Fars kusini mwa Uajemi, uko nyuma ya safu za Zagros, nami niliamini kwamba farasi wa Wamongoli walichokea njiani.

Si kweli. Waismaili wa Alamut, kaskazini mwa Uajemi, waliishi kwenye ngome zilizojengwa juu ya majabali, na mwaka 1256 walisalimu amri kwa Hulagu, mkuu wa jeshi la Wamongoli. Ndani ya Fars yenyewe, mtawala aliyeitwa Seljuk Shah aliwaua maofisa wa Kimongoli waliokuwa Shiraz. Jeshi lilimfuata hadi Kazerun, likauvamia mji, naye akauawa. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 1264. Njia ya kuvuka milima waliijua vizuri.

Nyuma ya kosa hilo kuna jingine kubwa zaidi, la kudhani kwamba Wamongoli walikuwa na kazi moja tu. Tunakumbuka miji waliyoiangamiza, Merv na Nishapur mwaka 1221, tunakumbuka Baghdad mwaka 1258, basi tunaona moshi kila mahali. Hata huku pwani yetu nimewahi kusikia kwamba Washirazi wa Kilwa walikuwa wakimbizi wa Wamongoli. Lakini simulizi za Kilwa zinawaweka Washirazi wa kwanza kabla ya Wamongoli kuingia Uajemi, na Shiraz yenyewe haikukimbiwa. Mwaka uleule ambao Baghdad ilianguka, mshairi Saadi alikuwa Shiraz akikikamilisha kitabu chake, Gulistan.

Huyohuyo Saadi ametuachia jibu. Katika Bustan, kitabu chake kingine alichokimaliza mwaka 1257, anamsifu mtawala wa Fars, Abu Bakr bin Sa'd. Anamwambia kwamba Iskandar aliwazuia Yajuj kwa ukuta wa shaba, lakini ukuta wako wewe ni wa dhahabu. Mara ya kwanza niliusoma ubeti huo kama sifa za kawaida za mshairi kwa mfalme. Kumbe anaeleza sera ya nchi: Yajuj ni Wamongoli, na dhahabu ni kodi.

Abu Bakr alikuwa wa ukoo wa Wasalghuri, Waturukimani kwa asili, ambao kwa vizazi kadhaa walitawala Fars kwa cheo cha atabegi, yaani mtawala wa jimbo, wakisaidiwa na mawaziri, makadhi na makarani wa Kiajemi. Hakungoja kuzingirwa. Alituma ujumbe wenye zawadi kwa Khan Mkuu Ögedei, akathibitishwa kwenye kiti chake na kupewa jina la heshima, Qutlugh Khan. Malipo yanayotajwa ni dinari 30,000 kwa mwaka. Inasimuliwa pia kwamba wasimamizi wa Kimongoli aliwapa makazi nje ya mji, wasichanganyike na watu. Habari za namna hii tunazipata zaidi kwa Wassaf, ofisa wa kodi wa Shiraz aliyezaliwa miaka michache baada ya Abu Bakr kufa mwaka 1260, kwa hiyo zipokee kama masimulizi ya kizazi kilichofuata.

Kwa nini mshindi aridhike na mpango huo? Fikiria daladala. Tajiri hajui abiria anapanda kituo gani, wala konda amebishana na nani kuhusu chenji. Anachotaka ni hesabu ya jioni. Hesabu ikifika, dereva anabaki na usukani, na kinachozidi ni chake. Tajiri akimfukuza aendeshe mwenyewe, ataikuta ruti haijui. Ndivyo ilivyokuwa Fars. Nani anajua kijiji kipi kinamwagiliwa na mfereji upi, na kinadaiwa kiasi gani? Karani wa Shiraz, mwenye daftari lake la Kiajemi. Ukimuua karani, umelipoteza daftari.

Baada ya Seljuk Shah, kiti kilipewa Abish Khatun, binti wa ukoo huohuo wa Wasalghuri aliyekuwa bado mtoto mdogo, naye akaozwa kwa Möngke Temür, mwana wa Hulagu. Sarafu zilipigwa kwa jina la Abish, lakini hesabu ilizidi kupanda na wakaguzi wakaanza kuja. Ndipo tajiri akagundua kwamba dereva si lazima atoke ukoo uleule. Yeyote mwenye fedha za kuahidi angeweza kukodishiwa kazi ya kukusanya kodi ya jimbo. Aliyeng'ara kwa kazi hiyo baadaye ni Jamal al-Din Ibrahim Tibi, mfanyabiashara wa kisiwa cha Kish katika Ghuba ya Uajemi. Wassaf anasema alipaswa kupeleka farasi 1,400 kusini mwa India kila mwaka, kila mmoja kwa dinari 220 za dhahabu.

Arghun, mtawala wa Kimongoli wa Uajemi, alipomtuma gavana mpya, Sayyid Imad al-Din, watu wa Abish walimuua. Abish akapelekwa kaskazini kushtakiwa, akafia huko Tabriz miaka ya 1280 akiwa atabegi wa mwisho wa Fars. Ingawa alikuwa Mwislamu, inasimuliwa kwamba alizikwa kwa desturi ya Kimongoli, pamoja na vyombo vya dhahabu na fedha vilivyojaa mvinyo. Baadaye binti yake, Kurdujin, aliurudisha mwili Shiraz, ukazikwa kwenye madrasa iliyojengwa na mama yake Abish.