Bega Linalocheza: Ushauri kwa Waogeleaji wa Raskazone na Pwani ya Tanga

Bega likimsumbua muogeleaji hapa kwetu, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuchuliwa. Mafuta ya nazi ya moto, mkandaji mwenye nguvu, kisha rafiki wa kumvuta mikono kwa nyuma "ili mishipa ifunguke". Kwa bega lililokaza huenda akapata nafuu. Kwa bega legevu, lile linaloteleza kwenye kifundo chake, huko ni kuzidisha ulegevu. Bega la namna hiyo linataka misuli ya kulishika.

Sababu iko kwenye umbile. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe chake kwenye kombe la bega hakina kina: ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kinachouzuia usidondoke ni ukingo wa gegedu, kano na misuli minne midogo inayozunguka kifundo. Bega likiteguka, mara zaidi ya tisa katika kumi mfupa hutokea mbele, na ukingo ule mara nyingi huchanika. Ndiyo maana kijana aliyeteguka bega kabla ya miaka 20 yuko kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena. Wapo pia ambao hawajawahi kuanguka wala kuvutwa. Wamezaliwa na viungo vilegevu. Kidole gumba wanakikunja hadi kinagusa kigasha, na ukiwauliza watakwambia wameweza hivyo tangu utotoni.

Utalijuaje? Bega linaloyumba huleta hofu kabla ya maumivu. Inua mkono kama anayetaka kurusha jiwe: ukihisi linataka kuchomoka, hiyo ni dalili. Nyingine ni mkono kufa ganzi ghafla katikati ya kuogelea, au mlio wa "klo" unaoambatana na kuteleza. Mlio peke yake, bila maumivu wala hofu, usikusumbue.

Kuogelea si lazima uache, ila mtindo utabadilika. Anayepiga mikono 20 kwa kila mita 25 akimaliza mita 500 amepiga 400, nusu yake kwa bega moja, kwa hiyo kosa dogo hurudiwa mara 200. Weka kando kwanza mtindo wa mgongo na wa kipepeo, kwa kuwa yote miwili huupeleka mkono juu ya kichwa, mahali ambapo bega legevu huwa dhaifu. Kwenye mtindo huru, ule wa kifudifudi wa kupiga mikono kwa zamu, mkono uingie majini mbele ya bega lako, usivuke mbele ya uso, na kiwiliwili kizunguke pamoja nao. Mtindo wa chura, mikono isipotanuliwa sana, wengi huumudu. Kibao cha kupigia miguu kishike karibu na kifua. Na akina dada wanaoingia majini na dera: mikono mipana ikilowa huwa mizito, na uzito huo unabebwa na bega. Blauzi ya mikono ya kubana inasitiri vilevile.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, iko kwenye kutoka majini. Mtu ameshachoka, anashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja na kujivuta, au mwenzake aliye juu anamwambia "lete mkono" na kumnyanyua kwa nguvu. Bega huchomoka hapo hapo. Tumia ngazi kwa mikono yote miwili, au ogelea hadi mchangani. Siku za bamvua, maji yanapovuta sana, na wakati wa kusi kali, baki pale unapofikia chini kwa miguu, tena usiwe peke yako.

Likichomoka ukiwa majini, lala chali, bana mkono ulioumia tumboni kwa mkono mzima, piga miguu kuelekea ufukweni huku ukiita msaada. Nchi kavu, mkono ufungwe kwa khanga shingoni jinsi ulivyo. Asiuvute mtu yeyote, hata kama amewahi kufanikiwa kwa mwingine: huenda mfupa umevunjika, na chini ya kifundo hicho hupita neva. Ganzi upande wa nje wa bega ni ishara kwamba imeguswa. Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, upigwe eksirei kabla ya kurudishwa.

Mazoezi ya kuipa nguvu misuli inayolishika bega hayana gharama. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, bana taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha zungusha kigasha kuelekea nje polepole na ukirudishe polepole zaidi. Mara 10 hadi 15, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Ongeza kusukuma ukuta, na kuvuta tyubu kuelekea mbavuni kama anayepiga kasia. Matokeo huchukua miezi mitatu au zaidi. Wengi huacha wiki ya tatu maumivu yakipungua, kisha wanarudi kwetu.

Bega likiendelea kuchomoka licha ya mazoezi, daktari wa mifupa anaweza kukupa rufaa ya upasuaji, kwa mfano MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Baada yake, kurudi kuogelea kwa mtindo huru huchukua miezi kadhaa. Na aliyevuka miaka 40, akiteguka bega kisha wiki mbili zikapita bila kuweza kuinua mkono, asingoje mazoezi: huenda msuli umekatika, na msuli uliokatika hushoneka vizuri zaidi mapema.