Voliboli ya ufukweni sio ile ya ndani iliyohamishiwa mchangani

Watu wengi bado wanadhani voliboli ya ufukweni ni mchezo wa kupunga upepo tu, voliboli yenyewe iko ndani ya ukumbi. Hapana jamani, huu ni mchezo kamili na uko Olimpiki tangu Atlanta 1996, ile ya ndani ndo ilitangulia Tokyo 1964.

Eti kiwanja ni kidogo kwa hiyo ni rahisi. Kidogo kweli, mita 16 kwa 8 badala ya 18 kwa 9, ila piga hesabu: ndani mko sita mnalinda mita za mraba 81, mchangani mko wawili mna 64, kwa hiyo kila mtu ana 32 zake peke yake, na anazikimbilia kwenye mchanga wenye kina cha sentimita 40 au zaidi ambao ukitaka kuruka unakumeza mguu kwanza. Na sabu hakuna. Mwenzako akiumia akashindwa kuendelea, mechi imeisha hapo na mmepoteza.

Wengine wanasema wavu unashushwa. Haushushwi, wanaume mita 2.43 wanawake 2.24, sawasawa na ndani. Kinachobadilika ni mpira, unajazwa upepo mdogo zaidi ndo maana unaushika laini, na upepo wa nje unaupeleka unakotaka.

Halafu hili la sheria ni zile zile ndo linawaponza wachezaji wazuri kabisa wa ndani. Ndani mpira ukigusa bloku (mikono ya anayeruka wavuni kuzuia) haihesabiwi, bado mna miguso mitatu. Mchangani bloku ni mguso wa kwanza, imebaki miwili tu, yani atakayeokoa ule mpira inabidi ampe mwenzake ambaye lazima auvushe, hakuna cha kupanga taratibu. Na ile ya kuruka kama unapiga smashi afu unadokoa kwa ncha za vidole nyuma ya bloku? Ndani ni ruksa na inapendeza sana, mchangani refa anapuliza faulo, ndo maana utaona wanasukuma kwa vifundo vya vidole. Mtu aliyezoea miaka mkono unaenda wenyewe, inachukua muda kuuacha.

Seti ni hadi 21, ya tatu 15, anayewahi mbili kashinda. Kila pointi 7 wanabadilishana upande (seti ya tatu kila 5) ili jua na upepo visimuumize mmoja.

Kuna hii pia, kwamba lazima wanawake wavae bikini. Sheria ililegezwa kabla ya London 2012, na Rio 2016 Doaa Elghobashy wa Misri alicheza na hijabu yake, mikono mirefu na suruali.

Na inayoniuma zaidi ni ile ya kusema eti ni mchezo wa watu wa Brazil na Marekani, sisi hatuhusiki. Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi wa Kenya walicheza Olimpiki ya Tokyo 2020 (iliyofanyika 2021), timu ya kwanza ya Kenya ya ufukweni kufika huko, wakati Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, nao walikuwa huko huko kwenye ile ya ndani. Walifungwa mechi zote tatu, sawa, lakini tuna pwani ndefu kuanzia Lamu mpaka Mtwara na mchanga hatununui. Kinachokosekana ni nyavu, makocha na ligi inayochezwa mwaka mzima.