Vipenga vinne na dramu ya breki: jinsi ya kusikiliza okestra ya Marekani ya leo

Kipenga cha refa kikilia katikati ya onyesho la okestra, mgeni ukumbini humgeukia jirani yake kuona kama kuna aliyekosea. Hakuna. Kipenga kimeandikwa kwenye nota kama fidla ilivyoandikwa. Kazi yenyewe ni Metropolis Symphony ya Michael Daugherty, Mmarekani aliyezaliwa Cedar Rapids, Iowa, mwaka 1954. Aliitunga kati ya 1988 na 1993 akichota kwa Superman wa vitabu vya katuni. Ina sehemu tano, inachukua zaidi ya dakika 40, na kila sehemu yaweza kuchezwa peke yake.

Wengi hudhani mambo ya mtaani huingia kwenye muziki wa aina hii kwa jina tu: mtunzi ameazima jina la Superman, basi, yaliyobaki ni okestra ileile. Wangetazama jukwaa wangeona zaidi. Muhimu ni kile kinachopigwa na mahali kilipowekwa, kwa hiyo usifumbe macho mapema.

Sehemu ya kwanza inaitwa Lex, kwa ajili ya Lex Luthor, adui wa Superman. Mpiga fidla mmoja anakimbia na nota za tatutatu bila kutua, okestra inamfukuza. Vipenga ni vinne, vimetawanywa pande nne za jukwaa ili mtoro azingirwe. Jukwaa likiwa finyu, wapo wanaovirundika vyote nyuma, na hapo mbio zote zinageuka kelele za mechi ya ndondo. Vikitawanywa inavyotakiwa, tatizo lingine linajitokeza. Kwenye hewa ya nyuzi joto 20 sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kipenga kilicho mita 15 kutoka kwa mpiga fidla humfikia kikiwa kimechelewa milisekunde 44 hivi. Ni kidogo sana, lakini kwa kasi ile sikio linaudaka mpishano. Mwenye fidla akisubiri kipenga, na mwenye kipenga akisubiri fidla, mwendo unalegea hatua kwa hatua. Wa mbali inabidi wafuate fimbo ya mwongozaji kwa macho, hata masikio yakiwaambia vingine. Na kipenga kikiifunika fidla, kupuliza kivivu hakusaidii: kipunje cha ndani hakizunguki vizuri, na mlio unakuwa wa kitoto. Afadhali mpulizaji ageuzwe uso upande wa ukuta.

Sehemu ya pili, Krypton, yaani sayari ya Superman inayolipuka, imejengwa kwa sauti zinazoteleza: fidla, tromboni na king'ora, huku kengele mbili za zimamoto zikijibizana. King'ora cha kuzungushwa kwa mkono hakishiki kasi papo hapo. Anayengoja ishara ndipo aanze kuzungusha amekwisha kuchelewa, na kama hakina breki kitaendelea kulia wenzake wakiwa wamenyamaza. Sehemu mbili zinazofuata ni nyepesi zaidi. Ya kwanza kati yake inaweka wapiga fluti wawili kulia na kushoto kwa mwongozaji wapambane; ya pili, ya dakika tano tu, ni ya Lois Lane, mwandishi wa habari.

Kilele ni Red Cape Tango, iliyotungwa baada ya Superman kuuawa katika katuni za mwaka 1992. Basuni, ala ya kupuliza ya mbao yenye sauti nzito, inaanza na Dies irae, wimbo wa kale wa Kilatini wa misa ya wafu. Mwanakwaya yeyote anayesoma sol-fa ataukamata: nota zake nne za mwanzo ni d t d l, t na l zikiwa za chini. Daugherty ameuvalisha wimbo huo wa maziko mdundo wa tango, dansi ya Argentina. Mdundo unaanzia kwenye kastaneti, vipande viwili vya mti vilivyochimbwa kama kombe, vya kugonganishwa kiganjani, unahamia kwenye matoazi madogo ya vidoleni, na kufikia mwisho umekabidhiwa matoazi makubwa, timpani, zile ngoma kubwa za okestra, na dramu ya breki ya gari.

Ndiyo, dramu ya breki, chuma cha gereji. Kwetu, mtoto aliyesoma shule yenye ringi la gari lililoning'inizwa mtini kama kengele anaujua mlio wa jamii hiyo. Dramu ikilazwa moja kwa moja juu ya meza au sakafu, sauti inakufa. Itundikwe, au ikae juu ya sponji, ipigwe kwa nyundo. Ya gari dogo hulia juu kuliko ya lori, kwa hiyo zijaribiwe kadhaa kabla ya mazoezi. Kosa baya kuliko yote katika sehemu hii ni kuicheza kama kichekesho. Wapigaji wakitabasamu, tango inabaki tango na maziko yanapotea.

Daugherty alirudi kwenye chuma mwaka 2003 katika Fire and Blood, kazi ya fidla na okestra aliyoitunga kwa ajili ya okestra ya Detroit. Chanzo chake ni michoro ya viwanda ambayo Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, aliichora kwenye kuta za jumba la sanaa la mji huo mwaka 1932 na 1933. Katika sehemu ya mwisho fidla ni kibarua, na okestra ni mashine zilizomzunguka.

Become Ocean ya John Luther Adams, mtunzi mwingine wa Marekani, iliyochezwa kwanza Seattle mwaka 2013 na kupata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka uliofuata, haina kipenga wala chuma cha gereji, lakini hapa pia mahali ndipo penye siri. Okestra imegawanywa makundi matatu yaliyotenganishwa jukwaani: nyuzi, ala za mbao, na shaba. Kila kundi linajaa na kupwa kwa muda wake, na katika dakika 42 hivi mawimbi yote yanakutana kileleni mara tatu tu. Ukipata tiketi, kaa katikati ya ukumbi, nyuma kidogo. Safu ya mbele ubavuni utasikia kundi moja likikufunika, na yale makutano matatu yatapita bila wewe kujua.